Mlio Masikioni na Visababishi Vyake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo watu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega, Busia na miji ya jirani huuliza tena na tena wanapoanza kusikia mlio ambao aliyeketi kando yao hausikii. Mkazo umewekwa kwenye visababishi, kwa kuwa wagonjwa wengi hununua matone dukani kabla ya kujua kilicholipata sikio, na matone hayo mara nyingi hayawafai kitu. Pale jibu linapogusa jambo lililoelezwa kwingine, msomaji ataelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Mlio masikioni ni ugonjwa gani?

Mlio ni dalili, na nyuma ya dalili hiyo kunaweza kuwa na sababu nyingi, nyingine ndogo sana na nyingine za kutia wasiwasi. Mtu husikia sauti isiyotoka nje: wengine husikia ngiii nyembamba isiyokatika, wengine mvumo, wengine sauti ya nyenje au ya mvuke unaotoka, na wengine mdundo. Inaweza kuwa katika sikio moja, katika yote mawili, au ikaonekana kutoka katikati ya kichwa. Madaktari huiita tinitasi.

Hali hii ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022, ambao ulijumlisha tafiti za nchi nyingi, ulikadiria kwamba takriban asilimia 14 ya watu wazima wamewahi kuwa nayo, na kwamba asilimia 2 hivi wanayo kwa kiwango cha kuwatesa.

Kama sauti haitoki nje, hutoka wapi?

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojisokota kama gamba la konokono, na humo mna seli zenye vinyweleo, karibu 15,000 kwa kila sikio, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva. Seli hizo zikifa kwa kelele, dawa, maambukizi au umri, hazioti tena kwa binadamu. Ubongo, ukikosa ishara uliyozoea kuipokea kutoka sehemu hiyo, huongeza usikivu wake, na shughuli hiyo ya neva ndiyo mtu anayoisikia kama mlio.

Hii ndiyo sababu mlio unaweza kuendelea ingawa daktari ameangalia ndani ya sikio na kulikuta safi. Ndiyo sababu pia sauti ya mlio mara nyingi hulingana na zile sauti ambazo sikio limeanza kuzikosa: aliyepoteza sauti nyembamba husikia mlio mwembamba.

Kwa nini hunizidi usiku?

Kwa sababu mchana sauti za soko, magari na watu huufunika. Nyumba ikinyamaza, hubaki wenyewe. Mlio kusikika zaidi usiku hakumaanishi kwamba tatizo limekuwa baya.

Watu husema sikio likilia kuna mtu anakusema. Je, kuna ukweli?

Karibu kila mtu hupata mlio mwembamba wa ghafla katika sikio moja, ukadumu sekunde chache kisha ukaisha. Huo ni wa kawaida na hauhitaji tiba, wala haubebi habari ya mtu yeyote. Unaostahili kuchunguzwa ni mlio unaodumu, unaorudi kila siku, au unaokuja pamoja na dalili nyingine zilizotajwa katika sehemu ya dharura.

## Visababishi vinavyoonekana zaidi

Je, nta ya sikio inaweza kuleta mlio?

Ndiyo, na kwa kuwa ni sababu iliyo rahisi kuondolewa, ndiyo ya kwanza kutazamwa. Nta ina kazi yake ya kulinda ngozi ya sikio na kunasa vumbi, na kwa kawaida hutoka yenyewe polepole. Tatizo huanza inaposukumwa ndani. Pamba za vijiti, njiti za kiberiti, kalamu, funguo na manyoya ya kuku, vyote huishindilia nta mpaka ikagusa kiwambo cha sikio. Hapo mtu hupungukiwa na usikivu, huhisi sikio limeziba, na mlio huanza.

Muuguzi au afisa wa kliniki akitazama kwa kifaa chenye taa ataiona mara moja. Nta hulainishwa kwa matone kwa siku kadhaa, kisha huoshwa kwa maji ya vuguvugu au kuvutwa kwa mashine. Sikio lisioshwe kwa maji ikiwa kiwambo kimetoboka au linatoa usaha, na kwa hiyo si kazi ya kujifanyia nyumbani bila kutazamwa kwanza.

Sikio langu limekuwa likitoa usaha tangu utotoni. Je, ndilo chanzo?

Inawezekana sana. Maambukizi ya sikio la kati yasiyotibiwa vizuri utotoni huacha tundu kwenye kiwambo, na mara nyingine huharibu vifupa vitatu vidogo vinavyopitisha sauti. Watu wengi hukua na sikio hilo wakiamini ni jambo la kuzoea, na hutafuta msaada tu mlio unapoanza. Usaha wa miaka mingi haupaswi kuzoewa, kwa sababu unaweza kula mfupa ulio nyuma ya sikio na kuelekea kwenye ubongo. Mwone mtaalamu wa masikio hata kama hakuna maumivu.

Nafanya kazi penye kelele. Nitajuaje kama kelele ndiyo iliyonidhuru?

Kwa maoni ya mwandishi, hiki ndicho kisababishi kinachopuuzwa zaidi katika eneo letu, kwa sababu madhara yake huja bila maumivu na bila damu. Mafundi wa jua kali wanaogonga mabati, waendeshaji wa vinu vya posho, wakata mbao kwa msumeno wa mota, wafanyakazi wa viwanda vya sukari vya Muhoroni, Chemelil na Kakamega, manahodha wanaokaa karibu na injini ya boti kule Dunga: wote hawa hukaa ndani ya kelele kwa saa nyingi, mwaka baada ya mwaka.

Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi ni hiki: kelele ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) haipaswi kuzidi saa 8 kwa siku, na kila inapoongezeka kwa desibeli 3 muda salama hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 88 ni saa 4. Kwa desibeli 100 ni kama dakika 15 tu. Bila chombo cha kupimia, tumia kigezo hiki: ikiwa unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, kelele hiyo imefikia kiwango cha kudhuru.

Dalili za mwanzo ni masikio kulia au kuhisi yameziba jioni baada ya kazi, kisha kutulia asubuhi. Kutulia huko huwadanganya wengi. Sikio likilia na kutulia mara nyingi, siku moja hubakia linalia. Wakati huo mtu huanza pia kushindwa kufuata mazungumzo penye watu wengi, akisikia kwamba mtu anasema bila kutambua anachosema.

Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele mahali pa kazi zinakataza mfanyakazi kuwekwa kwenye kiwango kinachozidi desibeli 90 kwa saa 8, na zinamwajibisha mwajiri kupunguza kelele na kutoa vikinga masikio. Mfanyakazi anayeomba vikinga hivyo anadai haki yake. Kwa fundi anayejiajiri, viziba masikio vya sponji au vifuniko vinavyofunika sikio zima ni sehemu ya vifaa vya kazi, sawa na miwani ya kuchomelea. Pamba ya kawaida haizuii kelele ya kutosha.

Na muziki wa matatu, ibada na matanga?

Sikio halitofautishi kelele ya ibada na ya karakana. Hupima nguvu na muda tu. Kesha la matanga lenye spika kubwa hadi alfajiri, au safari ya kila siku katika matatu yenye spika chini ya viti, vinaweza kumwacha mtu na mlio wa saa kadhaa au siku kadhaa. Wahudumu wa matatu na vijana wanaopangisha mitambo ya muziki wako hatarini zaidi kuliko wageni wa usiku mmoja. Ukae mbali na spika, utoke nje mara kwa mara, na mtoto mchanga asiwekwe karibu nazo hata kidogo.

Kwa vipokea sauti vya masikioni, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Simu nyingi za kisasa huonyesha onyo sauti inapopita kiasi, na onyo hilo lina msingi. Shirika hilo linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 duniani wanahatarisha usikivu wao kwa namna hii.

Je, uzee peke yake huleta mlio?

Ndiyo. Usikivu hupungua taratibu kuanzia umri wa makamo, sauti nyembamba zikitangulia kupotea, na mlio huandamana nao mara nyingi. Hata hivyo mzee asiambiwe “ni uzee tu” kabla ya kutazamwa nta, kupimwa presha na kupimwa usikivu.

## Dawa

Nilipewa kwinini nikaanza kusikia mlio. Nimekuwa kiziwi?

Mlio na usikivu kupungua ni madhara yanayojulikana ya kwinini, na kwa kawaida huondoka dawa inapokwisha mwilini. Wazee wa kanda ya ziwa wanaikumbuka hali hii vizuri, kwani kwinini ilitumika sana. Leo malaria isiyo kali hutibiwa nchini Kenya kwa mchanganyiko wa artemeta na lumefantrini, na malaria kali kwa sindano ya atesuneti, kwa hiyo tatizo hili limepungua. Ikiwa mlio unaendelea wiki kadhaa baada ya kumaliza kwinini, upimwe usikivu.

Ni dawa gani nyingine huathiri masikio?

Zinazohitaji tahadhari kubwa ni antibiotiki za sindano za jamii ya streptomaisini, kanamaisini, amikasini na jentamaisini, kwa sababu zinaweza kuua zile seli zenye vinyweleo moja kwa moja na uharibifu ukabaki. Miaka ya nyuma watu wengi waliotibiwa kifua kikuu kwa mara ya pili, au kifua kikuu sugu, walidungwa dawa hizi kwa miezi, na baadhi yao bado wanaishi na mlio na uziwi. Matibabu ya sasa ya kifua kikuu sugu hutegemea zaidi vidonge. Jentamaisini bado hutumika hospitalini, na mtu mwenye ugonjwa wa figo anapaswa kumjulisha daktari kabla ya kudungwa.

Nyingine ni sisiplatini inayotumika kutibu saratani, frusemaidi (dawa ya kupunguza maji mwilini) hasa inapopitishwa mshipani kwa kasi, na aspirini kwa dozi kubwa. Mlio wa aspirini huisha dozi inapopunguzwa. Anayemeza dawa za maumivu za dukani kila siku kwa ajili ya mgongo au viungo alitaje jambo hilo anapoulizwa historia yake, kwa kuwa wengi hawazihesabu kuwa dawa.

Basi niache dawa ninazotumia?

Usiache mwenyewe. Malaria, kifua kikuu na presha huua, ilhali mlio hauui. Rudi kwa aliyekuandikia, umweleze siku mlio ulipoanza, naye ataamua kama dozi ipunguzwe au dawa ibadilishwe.

## Masikio na sehemu nyingine za mwili

Je, presha ya damu husababisha mlio?

Presha inaweza kuchangia, hasa inapoharibu mishipa midogo ya damu inayolisha sikio la ndani, na kwa hiyo kila mwenye mlio apimwe presha na sukari. Lakini watu wengi wenye presha hawana mlio, na wengi wenye mlio wana presha ya kawaida. Kukosa mlio si uthibitisho kwamba presha iko sawa.

Mlio wangu hudunda pamoja na moyo. Je, ni sawa na mlio mwingine?

Hapana, na tofauti hii ni muhimu kuisema mapema. Shika mshipa wa mkono na usikilize: ikiwa sauti inakwenda sambamba na mapigo, unasikia mtiririko wa damu yako. Katika eneo letu sababu moja ya kufikiriwa mapema ni upungufu wa damu, kwa sababu malaria, minyoo, hedhi nzito, ujauzito na selimundu, ambao ni ugonjwa wa kawaida kandokando ya Ziwa Victoria, vyote hupunguza damu, na damu nyepesi hupita kwa kasi na kelele zaidi. Kipimo cha damu cha bei nafuu hujibu swali hilo.

Damu ikiwa ya kutosha, daktari ataendelea kutafuta: tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, mshipa uliopungua upana au ulioungana isivyo, au shinikizo lililopanda ndani ya fuvu, ambalo huonekana zaidi kwa wanawake vijana wenye uzito mkubwa na huja na maumivu ya kichwa na macho kufifia. Mlio wa mdundo huhitaji kuchunguzwa kila wakati.

Mlio huja pamoja na kizunguzungu. Ni nini?

Kizunguzungu cha dunia kuzunguka kwa dakika 20 hadi saa kadhaa, pamoja na sikio kuhisi limejaa, usikivu unaopanda na kushuka, na mvumo mzito, hutoa picha ya ugonjwa wa sikio la ndani uitwao Ménière. Huja kwa vipindi. Kizunguzungu kinachoandamana na uso kulegea upande mmoja, kushindwa kusema au kuona vitu viwiliviwili ni jambo jingine: nenda hospitali saa hiyohiyo, kwani huenda ni kiharusi.

Taya, meno na shingo vinahusikaje?

Kiungo cha taya kiko mbele tu ya sikio, na neva za shingo na taya hukutana na zile za kusikia katika shina la ubongo. Ikiwa mlio hubadilika unapouma meno kwa nguvu au kugeuza shingo, au ikiwa unasaga meno usingizini, mwone daktari wa meno pia.

Je, mawazo na kukosa usingizi vinaweza kuleta mlio?

Mara nyingi huukuza zaidi ya kuuanzisha. Aliyefiwa, aliyepoteza kazi au asiyelala huusikia mlio uleule kwa ukali zaidi, naye akiuogopa hulala vibaya zaidi. Mduara huu ni wa kweli, na kumwambia mtu “acha kufikiria” hakumsaidii. Msaada wake umeelezwa katika swali kuhusu tiba.

Nikisafiri kutoka Nakuru kwenda Kisumu masikio huziba na kulia. Kwa nini?

Barabara inapanda hadi zaidi ya mita 2,400 kule Mau Summit, kisha inashuka hadi mita 1,130 hivi kando ya ziwa. Shinikizo la hewa hubadilika, na mrija unaounganisha sikio na koo usipofunguka upesi, hasa mtu akiwa na mafua, sikio huziba. Meza mate, piga miayo, mnyonyeshe mtoto wakati wa kushuka. Likiendelea kuziba baada ya siku kadhaa, litazamwe.

## Dharura

Ni wakati gani nisingoje?

Usikivu ukipotea ghafla katika sikio moja, kwa saa chache au ndani ya siku 3, mlio ukiwepo au usiwepo, hiyo ni dharura ya masikio. Wengi hudhani ni nta au mafua na kungoja mwezi mzima. Dawa za steroidi hufaa zaidi zinapoanzwa mapema, hasa katika wiki 2 za kwanza, na kila siku inayopita hupunguza nafasi ya usikivu kurudi. Sema waziwazi unapofika: “Nimeacha kusikia ghafla.”

Usingoje pia mlio unapofuata jeraha la kichwa, sikio linapotoa damu au majimaji baada ya ajali ya bodaboda, panapokuwa na homa na shingo ngumu, au mtu anapofikiria kujidhuru kwa sababu ya mateso ya mlio.

Mlio uko sikio moja tu. Je, ni hatari?

Mara nyingi sababu ni nta, maambukizi au kelele iliyoelekea upande mmoja. Lakini mlio wa upande mmoja unaodumu, hasa usikivu wa upande huo ukipungua, hufanya daktari aombe picha ya kichwa ya MRI ili kuondoa shaka ya uvimbe kwenye neva ya kusikia. Uvimbe huo ni nadra, si saratani, na hukua polepole.

## Uchunguzi na tiba

Niende wapi, na watanipima nini?

Anza na kituo cha afya kilicho karibu: sikio litazamwe, presha, sukari na damu zipimwe. Ukihitaji mtaalamu wa masikio, pua na koo, utapewa rufaa kwenda hospitali kama ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, hospitali ya rufaa ya kaunti Nakuru, au ya Moi kule Eldoret. Kipimo kikuu ni cha usikivu, ambapo mtu huketi mahali patulivu akibonyeza kitufe kila asikiapo sauti. Hakiumi. Kwa mlio unaodumu miezi, kukosa kipimo hiki ni kukosa jibu.

Je, kuna dawa ya kuuondoa?

Kisababishi kinachoondoleka kikiondolewa, mlio mara nyingi huondoka nacho. Ukitokana na seli zilizokufa, hakuna kidonge kilichothibitishwa kuufuta, na anayeuza kwa ahadi hiyo anachukua fedha za watu bure. Hata hivyo msaada upo. Mashine ya kusikia humrudishia mtu sauti za nje, zikaufunika mlio. Redio ya sauti ya chini au feni usiku huuvunjia ukimya. Ushauri nasaha wa kubadili namna ya kuuwazia na kuupokea mlio, unaotolewa na mwanasaikolojia, ndio wenye ushahidi bora wa kupunguza mateso yake.

Nimeshauriwa kutia mafuta ya taa, maji ya kitunguu saumu au mafuta ya moto.

Usitie. Huchoma ngozi ya sikio, na kiwambo kikiwa na tundu hupenya hadi ndani. Iwapo mdudu ameingia akiwa hai, matone machache ya mafuta ya kupikia yasiyo na moto humtuliza hadi atolewe hospitalini, mradi sikio halina tundu wala usaha.

## Hali zisizo za kawaida

Je, mtoto anaweza kuwa na mlio?

Anaweza, ila mara nyingi hasemi, kwa kuwa anadhani kila mtu anausikia. Mtoto anayeziba masikio, asiyelala pakiwa kimya, au anayeitwa mara mbilimbili shuleni apimwe usikivu, na walimu waelezwe asiadhibiwe kwa kutosikia.

Mume wangu akiweka sikio karibu na langu naye husikia tiktik. Inawezekanaje?

Kuna mlio wa nadra ambao mtu mwingine anaweza kuusikia, kwa sababu ni sauti halisi ndani ya mwili: misuli midogo ya sikio au ya kaakaa ikijikunyata yenyewe, au damu ikipita kwenye mshipa usio wa kawaida. Daktari huusikiliza kwa kuweka chombo cha kusikilizia kifua kando ya sikio na shingoni.

Ninachosikia ni nyimbo au maneno, si mlio. Je, nimerogwa au nina wazimu?

Wazee waliopungukiwa sana na usikivu wakati mwingine husikia nyimbo walizozijua, na akili zao ni timamu. Asili yake ni ileile ya ubongo kujaza ukimya. Mashine ya kusikia huwasaidia baadhi yao. Maneno yanayomsema mtu au kumwamuru hayatokani na sikio, na yana matibabu yake katika kliniki ya afya ya akili, ambako familia inapaswa kumpeleka mgonjwa mapema na kwa upole.